Mkomani na Langoni: Utengano wa Makazi katika Visiwa vya Lamu na Athari Zake



Ni ada ya taarifa ya mwaka kutanguliza hesabu ya fedha, kisha habari za maziko, za wagonjwa na za karo za watoto. Baada ya hayo hubaki kurasa chache kwa habari za kale. Mwaka huu twapenda kuzitumia kurasa hizo kwa jambo ambalo sote twalijua kwa macho, walakini si mara nyingi tumelisema kwa kinywa, nalo ni jinsi watu wa visiwa vyetu walivyogawanywa na makazi yao. Mwanachama akitaja mtaa wake tu, msikilizaji huwa amekwisha kumkisia nasaba yake, mali yake, na hata nani atamwoza binti yake. Jambo lenye nguvu kama hiyo lafaa litazamwe kwa makini na watu waliojifunga kusaidiana bila kuulizana asili.

Maana ya Utengano

Wataalamu wa jiografia ya wanadamu huita hali hii utengano wa makazi. Maana yake ni watu wa nasaba, rangi, dini au mali moja kukaa mahali pao, na wengine mahali pengine, hata ramani ya mji ikawa pia ni orodha ya daraja za watu wake. Utengano huja kwa njia tatu. Waweza kuletwa na sheria, waweza kuletwa na desturi, na waweza kuletwa na bei.

Utengano wa sheria tuliuona katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyeletwa kutazama afya ya miji, alishauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wa Nairobi watengwe katika sehemu mbalimbali. Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imeacha siasa ya kuwatenga Wahindi na Wazungu katika miji. Hata hivyo mashamba ya nyanda za juu yalibaki kuwa ya Wazungu, na Waafrika wa Nairobi walipangiwa Pumwani na mitaa mfano wake. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 1950 iligawa miji yote kwa rangi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakahamishwa kwa nguvu, mpaka sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1991.

Utengano wa desturi hauna polisi wala bango. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa Marekani, Thomas Schelling, alieleza jinsi unavyozaliwa. Alipanga sarafu za namna mbili juu ya ubao wa miraba, mithili ya mtu achezaye dama, kila sarafu ikiwa ni mfano wa mtu na nyumba yake. Kisha akaweka kanuni kwamba kila mtu ataridhika akipata sehemu ndogo tu ya majirani walio kama yeye, na asiporidhika atahama. Hapana hata mmoja katika mchezo ule aliyetaka kuwafukuza wengine. Walakini baada ya mahamisho machache ubao wote uligawanyika, namna hii upande huu, na namna ile upande ule. Funzo lake kwetu ni zito. Watu wema, kila mmoja akitaka jambo dogo tu, waweza wakajenga ukuta ambao hakuna aliyeuamuru.

Mji wa Mawe na Mji wa Makuti

Lamu ni mfano ulio wazi. Ngome, iliyomalizwa kujengwa yapata mwaka 1821 baada ya vita vya Shela, yasimama katikati. Kaskazini yake ni Mkomani, na kusini yake ni Langoni. Mkomani ndiko kwenye majumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yaliyo mengi ya karne ya 18 na ya 19. Langoni kwa muda mrefu kulikuwa kwa nyumba za udongo, miti na makuti, na ndiko walikofikia wageni kutoka Hadhramaut, Ngazija, visiwa vya Wabajuni na bara. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uholanzi, A. H. J. Prins, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, akionyesha kwamba Lamu ni miji miwili ndani ya jina moja.

Nyumba ya Mkomani ilijengwa kwa ajili ya kutenga. Ukuta wake wa njiani hauna madirisha ya kutazamia nje. Mgeni hupokewa dakani, na apewaye heshima zaidi hukaribishwa sabule. Kutoka hapo huingiwa kiwanda, kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na kila hatua moja ni faragha kuliko iliyopita. Upana wa vyumba ulipimwa na urefu wa boriti, ambao si zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, na vya ndani kabisa ni vya giza, vikipambwa kwa zidaka. Binti wa muungwana alipoolewa hakutoka kwao. Babake alimjengea ghorofa juu ya nyumba yake au nyumba ya ubavuni, na wikio likapitishwa juu ya njia ili wanawake watembeleane bila kushuka chini. Basi hata mwanamke wa daraja ya juu alikuwa ametengwa, ijapokuwa kutengwa kwake kuliitwa heshima. Akilazimika kutoka, alikwenda ndani ya shiraa, hema la nguo lililochukuliwa na watumwa kwa miti, na ndani yake asionekane hata kivuli.

Waungwana wenyewe walikuwa wamegawanyika. Zamani walikuwa na vyama viwili, Zena na Suudi, vilivyoshindania utawala wa mji na kupokezana uongozi. Twalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba Mkomani ilikuwa kitu kimoja. Mgawanyo huzaa mgawanyo, na aliyezoea kumtenga wa mbali hakawii kumtenga wa karibu.

Mtumwa Alikaa Wapi?

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Katika siku za utumwa, watumwa wa nyumbani hawakukaa Langoni. Walilala katika nyumba hiyo hiyo ya bwana wao, ghorofa ya chini, pamoja na ghala. Watumwa wa mashamba walikaa bara, ng'ambo ya visiwa, wakilima mtama, mahindi na simsim, mazao ambayo majahazi yaliyapeleka Arabuni. Kati ya bwana na mtumwa wa nyumbani palikuwa na ngazi moja tu. Lakini ngazi ile ilitosha, kwa sababu sheria, mavazi na jina vilifanya kazi ambayo umbali haukufanya. Mtumwa alitambulikana kwa nguo zake, kwa kichwa chake kisichovaa kilemba, na kwa miguu yake isiyo na viatu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini na kufunga masoko yao. Mwaka 1907 sheria ya utumwa yenyewe ilifutwa katika pwani ya Kenya, na mabwana wakaruhusiwa kudai fidia kwa Serikali. Watumwa wenyewe hawakupewa fidia. Hawakupewa shamba, wala nyumba, wala mtaji.  Mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye dai alilete na kulithibitisha, na ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Mtu aliyeachwa huru mwaka mmoja tu kabla angethibitisha nini, na kwa shahidi gani?

Ndipo utengano wa makazi ulipokua. Kamba ya sheria ilipokatika, umbali ulichukua mahali pake. Waliotoka katika ghorofa za chini na waliorudi kutoka mashambani walikwenda kukaa mahali ambapo kiwanja kilikuwa rahisi na nyumba yaweza kujengwa kwa udongo na makuti, yaani pembezoni mwa mji na upande wa Langoni. Wengine walikwenda Mombasa, ambako reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kuivuta biashara ya pwani nzima. Waungwana nao walipungukiwa. Mashamba ya bara yalikosa mikono, majahazi yalipungua, na maduka yakawa ya Mabohora na ya Wahadhrami. Hata hivyo jina la mtaa lilibaki kuwa mali. Aliyekuwa hana tena chochote isipokuwa jina, alilishika jina lile kwa mikono miwili.

Mavazi yanatupa ushahidi mwingine. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 shiraa ilianza kutoweka, maana hapakuwa na watumwa wa kuichukua, na buibui likaingia. Buibui lilivaliwa na mwanamke wa Mkomani na lilivaliwa pia na mwanamke ambaye mamake alikuwa mtumwa. Njiani wote wawili walifanana. Alama ile ilipofutika mwilini, watu walizidi kuitafuta katika nyumba na mtaa.

Riyadha na Kuhama kwa Heshima

Mfano bora wa kuvunja mpaka ulitokea Langoni kwenyewe. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alikuja kutoka Ngazija sharifu kijana, Saleh bin Alawi Jamalilail, ambaye sote twamjua kwa jina la Habib Swaleh. Alikaa Langoni, akasomesha watoto wa watumwa na wa maskini, akawafanyia maulidi kwa matari. Yalikuwako manung'uniko, maana elimu ya dini ilikuwa imehesabiwa kuwa urithi wa nyumba chache. Yapata mwaka 1900 Msikiti wa Riyadha ulisimama, pamoja na chuo chake. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, lakini maulidi ya Riyadha huwaleta wageni Lamu kila mwaka kutoka pwani yote na kutoka nje ya nchi.

Tazameni kilichotokea. Hakubomoa ukuta wa mtu, wala hakuwahamisha watu wa Langoni kwenda Mkomani. Aliweka kitu cha thamani mahali palipodharauliwa, na miguu ya watu ikabadili njia. Watoto wa waliokuwa wakinung'unika walikuja kukaa chini kwenye mkeka mmoja na watoto wa waliokuwa watumwa wao. Historia ya utengano yatufunza kwamba kuwapa watu nyumba pekee hakutoshi. Hufaa pia kuhamisha heshima, yaani shule, zahanati, msikiti na mkutano, mpaka kule ambako haikuwako.

Majina ya Serikali

Serikali ya kikoloni iliongeza mgawanyo wake juu ya ule wa zamani. Tangu 1895 hadi 1963 visiwa vyetu vilikuwa vya Sultani kwa jina na vya Waingereza kwa hukumu. Sheria zikawagawa watu wenyeji mbali na wasio wenyeji, Waarabu mbali na Waafrika, katika kodi, mahakama, shule na baraza. Mtu wa Lamu mwenye babu wa Hadhramaut na nyanya wa bara alilazimika kuchagua mmoja na kumkana mwingine. Wengi walichagua upande wenye kodi nafuu na shule bora, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini nyumba nyingi ziligawanyika kwa sababu hiyo, ndugu mmoja akiandikwa Mwarabu na wa pili Mswahili.

Vyama vya maslahi ya Waafrika, katika miji mingi ya Kenya, vilizaliwa katika hali hiyo. Viliundwa kwa sababu mtu aliyeandikwa Mwafrika alipougua au kufa mjini, palikuwa hapana wa kumshughulikia ila wenziwe. Basi jina la vyama vyetu ni alama ya utengano, na kazi yavyo ni dawa yake. Twafaa kuyakumbuka yote mawili.

Visiwa na Bara

Mji wa Lamu si visiwa vyote. Shela, Matondoni na Kipungani. Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Kiwayu na Ndau: kila mahali pana watu wake, na Kiamu, Kisiu, Kipate na Kitikuu ni ndimi za jirani zinazojulikana kwa neno moja tu. Watu wa Shela husimulia asili yao ya ng'ambo, kisiwani Manda, nao wamekuwa wakivuka kwenda kuomba mvua katika magofu ya Takwa, penye kaburi la mnara lililoandikwa mwaka wa Hijra 1094, yaani 1683.

Baada ya uhuru ulikuja mgawanyo wa namna mpya. Katika vita vya mashifta, 1963 hadi 1967, Wabajuni wengi waliokaa pwani ya bara walikimbia vijiji na mashamba yao, wakaja visiwani au wakaenda Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Waaweer, watu wa msitu, walikusanywa kando ya barabara, na mwaka 1977 uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya nzima walipoteza riziki yao ya asili. Katika miaka ya 1970 Serikali ilifungua mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, na wakulima wasio na ardhi kutoka sehemu nyingine za nchi wakapewa viwanja na hati. Mkulima yule alikuwa mhitaji, na alifanya kazi ya kusifiwa. Lakini Mbajuni aliyekimbia hakuwa na hati ya alichokiacha, na Mwaweer hakuwahi kuulizwa. Hivyo watu wakawa wanakaa wilaya moja bila kujuana, mmoja ana karatasi na mwingine ana kumbukumbu. Mwezi wa Juni 2014 washambulizi waliingia Mpeketoni na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 60. Twasema wazi kwamba hapana dhuluma ya ardhi iwezayo kuhalalisha damu ile. Walakini twasema pia kwamba watu wasiojuana huwa rahisi kuchonganishwa, na baada ya mauaji yale mengi ya majirani walitazamana kwa shaka kwa sababu ya asili tu.

Athari Zake

Tukizikusanya athari za utengano kama zinavyoonekana katika historia hii, twaona nne zilizo kubwa.

Ya kwanza ni katika ndoa. Kanuni ya kufu ilimzuia binti wa Mkomani asiolewe na mtu wa chini yake, ilhali muungwana aliweza kuweka suria, na mtoto wa suria alikuwa huru na mrithi wa babake. Kwa hiyo damu ilivuka mpaka ambao watu walisema hauvukiki. Ni nadra kukuta ukoo wa zamani katika visiwa hivi usio na nyanya aliyetoka bara. Aibu ya kumtaja nyanya huyo ndiyo athari yenyewe.

Ya pili ni katika mali. Nyumba ya mawe hurithiwa karne mbili, na nyumba ya makuti huungua kwa cheche moja. Aliyeanza na kiwanja chenye hati huweza kukopa, kupangisha na kusomesha. Aliyeanza bila hati huanza upya kila kizazi.

Ya tatu ni katika maarifa. Mtoto hujifunza kazi kutoka kwa watu awaonao. Ambaye mtaani mwake hamna mwalimu, karani wala nahodha, hudhani kazi hizo si za watu kama yeye.

Ya nne ni katika shauri la mji. Penye jambo la wote, kama maji, taka, moto au bandari, mitaa isiyozoea kukaa pamoja huja barazani kila mmoja na neno lake, na mwenye amri husikiliza asiyepiga kelele wala hasikilizi yeyote.

Utengano wa Bei

Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima ya sote, na iliyaokoa majumba mengi. Walakini kwa sehemu kubwa kilichoandikwa ni mawe. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, matajiri wa nchi za nje wamenunua nyumba nyingi, hasa Shela, na bei zikapanda. Mrithi wa nyumba ya Mkomani asiyeweza kununua chokaa na boriti huuza, na pesa zake zikigawanywa kwa ndugu wengi haziwezi kumrudisha mtaani pake. Hujenga nje, Wiyoni au Gadeni au Kashmiri, karibu na wale ambao babu zake hawakuwaalika sabule. Desturi ilijenga ukuta kwa karne nyingi, na bei inaubomoa kwa kujenga mwingine.

Twaliandika hili bila furaha. Muungwana aliyepoteza nyumba na mtoto wa mtumwa asiyepata nyumba kamwe, leo wote wawili huandikwa katika daftari moja ya wanachama, na wote wawili huhitaji sanda ya bei moja. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi sote tumekutana ngamani.

Neno la Mwisho kwa Wanachama

Kwa sababu hiyo twaomba wazee na wanachama wayatafakari mambo matatu. Kwanza, mikutano isifanyike daima upande mmoja wa Ngome, bali izunguke mitaani, na kila ipatikanapo nafasi ivuke maji hadi Faza, Siyu na Matondoni. Pili, msaada wa karo utolewe kwa kutazama haja ya mtoto, na fomu isiwe na mahali pa kuandika kabila wala mtaa wa babu. Tatu, wazee wanaojua habari za pande za mama zao, hasa nyanya walionyamaziwa, wazieleze kwa wajukuu wao kabla hazijapotea, ili vijana wajue kwamba Mkomani na Langoni zimekuwa nyumba mbili za ukoo mmoja kwa muda mrefu kuliko inavyosemwa.

Mtaa mtu hakuuchagua; aliukuta. Chama amekichagua. Ndiyo sababu twatumaini kwamba kilichoshindikana katika ujenzi wa mji kitawezekana katika ujenzi wa chama.